Munganga asipolipwa na Serikali, mgonjwa ndiye anamulipa

Kila mwaka, tarehe 12 mwezi wa tano, dunia nzima inafanya sikukuu ya wauguzi. Hapa mashariki ya Kongo pia, pale usalama unaruhusu, wauguzi wanavaa bluzi nyeupe, wanatembea ku barabara, wakubwa wanatoa hotuba, watu wanapiga makofi. Tarehe 13 kazi inaendelea kama jana. Muuguzi ambaye hakuwa na matrikule bado hana. Ule ambaye hapokei primi bado hapokei. Na mama anayekuja kuzaa usiku anaulizwa kwanza kama amekuja na feza.

Mambo haya matatu yamefungana, na ndiyo maana tumeandika makala hii. Watu wengi wanafikiri kwamba malalamiko ya wafanyakazi wa afya ni kesi yao na Serikali tu, haigusi mwananchi. Inamugusa, tena ku mufuko. Hapa tutaeleza munganga analipwa na nani, kwa nini wengi hawalipwi, nani ana uwezo wa kubadilisha hiyo hali, na mkaaji wa kartie au wa kijiji anaweza kuuliza nini na kumuuliza nani. Tukisema munganga, tunamaanisha kila mtu anayechunga mgonjwa, si daktari peke yake.

Tunazungumzia watu gani

Kongo imegawanywa kwa zone za afya 519. Kila zone ina biro kuu yake, inayoongozwa na daktari mkuu wa zone, na kwa kawaida ina hospitali kuu moja. Chini ya zone kuna maeneo ya afya, na kila eneo linapaswa kuwa na kituo chake cha afya.

Ku kituo cha afya mkubwa si daktari. Mara mingi ni muuguzi, yule tunaita IT, maana yake muuguzi mkuu wa kituo. Ndiye anatibu malaria, anashona vidonda, anapanga chanjo, anapokea wamama wajawazito pamoja na mkunga, anahesabu dawa, na kila juma anatuma ripoti ya magonjwa ku biro ya zone. Kwa vijiji mingi vya Walikale, Shabunda, Fizi ao Mambasa, Serikali ambayo watu wanaona kwa macho ni huyo muuguzi na mwalimu wa masomo.

Wauguzi wenyewe hawako daraja moja. Kuna wa A2, waliomaliza masomo ya sekondari ya uuguzi, kuna wa A1, waliosoma miaka mitatu ku chuo kama ISTM, na kuna walio na lisansi. Bado wako wazee wa A3, waliojifunza zamani. Daraja hii ndiyo inaamua mshahara na sehemu ya primi.

Pembeni yao kuna wakunga, watu wa maabara, wa dawa, wa usafi, wenye kufua mashuka, walinzi, na wale wa chumba cha maiti. Mara chache tunawataja hawa. Lakini wakati wa Ebola, ni mtu wa usafi aliyeshika ndoo yenye matapishi mbele ya daktari kufika.

Nje ya kituo kuna wahudumu wa jamii, wale RECO. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanatafuta watoto waliokosa chanjo, wanaeleza juu ya chandarua na maji safi, wanatangaza kifo ambacho hakieleweki. Kwa mpango wa Serikali wao ni watu wa kujitolea, hawana mshahara.

Na mwisho kuna mtu ambaye hayuko ku liste yoyote: ndugu anayelala chini pembeni ya kitanda. Kwetu, familia ndiyo inapikia mgonjwa, inamuosha, inamugeuza, inatafuta dawa mjini. Karibu kila mara huyo ndugu ni mwanamke: mama, dada, bibi ya mgonjwa, ao binti aliyeachishwa masomo kwa juma mbili.

Feza ya munganga inatoka wapi

Kwa mfanyakazi wa afya wa Serikali, feza inaweza kutoka fasi ine.

Ya kwanza ni mshahara wenyewe, unaolipwa kwa sababu yeye ni mtumishi wa Serikali, sawa vile mwalimu ao karani wa biro.

Ya pili ni primi ya hatari. Hii inalipwa juu ya kazi ya afya ina hatari ya kuambukizwa. Nayo inatoka Kinshasa, lakini iko ku liste ingine, si ile ya mshahara. Ndiyo maana unaweza kukutana na muuguzi anayepokea primi bila mshahara, na mwenzake ambaye anapokea mshahara bila primi, wote wawili wakifanya kazi ku chumba kimoja.

Ya tatu ni primi ya fasi, ile inayotoka kwa mapato ya kituo. Maana yake: feza ambazo wagonjwa wamelipa.

Ya ine ni primi ya wafadhili. Shirika ao mradi fulani unasaidia zone kwa miezi ao miaka, unatoa kitu kwa wafanyakazi kufuatana na kazi walioifanya. Mradi ukiisha, primi nayo inaisha.

Sasa fikiria kituo ambapo feza ya kwanza na ya pili hazifiki, na mfadhili ameondoka. Inabaki ya tatu peke yake. Tuchukue mfano wa kuhesabu tu. Kituo kimeingiza franka 1.200.000 kwa mwezi. Dawa zinachukua 500.000. Mafuta, sabuni, karatasi na mchango wa zone vinachukua 200.000. Inabaki 500.000. Wafanyakazi ni 10. Hata wakigawana sawasawa, kila mmoja anapata franka 50.000 kwa mwezi muzima, na kwa kweli hawagawani sawasawa, juu daraja zinatofautiana. Kama wagonjwa wamekuwa wachache mwezi huo, ao vita imekimbiza watu, inapungua tena.

Kwa hesabu hiyo tunaelewa mambo mingi ambayo yanakasirisha watu. Kwa nini bei inapanda. Kwa nini mgonjwa anaandikiwa dawa tano kwa ugonjwa mmoja. Kwa nini muuguzi ana duka ya dawa yake pembeni ya barabara. Kwa nini kuna wamama wanaozuiliwa hospitalini na watoto wao wachanga mpaka deni ilipwe. Kueleza si kukubali. Kumufungia mama aliyezaa ni kumukosea haki, na muuguzi anayeuza dawa za kituo kwa mufuko yake anaiba. Lakini tukimufukuza huyo na kuleta mwingine bila mshahara, mwaka ujao tutarudi fasi ile ile.

Matrikule: namba inayofanya ujulikane

Neno ambalo utasikia kila wakati wa mgomo ni matrikule. Ni namba ya mtumishi wa Serikali. Bila hiyo namba, kwa macho ya Kinshasa wewe hauko.

Njia ni ndefu. Kwanza mtu anapokea barua ya kumutuma ku kazi. Kisha kunapaswa kutoka uamuzi wa wizara ya utumishi wa Serikali unaomukubali kama mtumishi, pamoja na matrikule. Kisha jina lake linaingizwa ku liste ya malipo. Watu wanasema "amefanyiwa mekanizé". Hapo tu ndipo mshahara unaweza kutoka, na tangu mwaka 2011 Serikali ilianza kuupitisha ku banki.

Kila hatua inaweza kukwama. Kuna wenye barua ya kazi bila matrikule, na tunawaita "unité mpya" hata kama wamefanya kazi miaka kumi. Kuna wenye matrikule ambao jina lao halijaingia ku malipo. Kuna walioingia, kisha jina likapotea wakati wa kuhesabu wafanyakazi. Na upande mwingine kuna majina ya bure, watu ambao hakuna mgonjwa amewaona lakini wako ku liste. Kila jina la bure linakula fasi ya mtu anayefanya kazi usiku.

Kuna pia jambo la wazee. Muuguzi akifika umri wa kupumzika, anaogopa kuacha kazi, juu malipo ya mwisho na pansheni vinachelewa sana ao havifiki. Anabaki ku kituo. Fasi yake haifunguki, na kijana anaendelea bila matrikule.

Tulifikaje hapa

Haikuwa vile siku zote. Mwezi wa tisa 1978, nchi za dunia zilikutana Alma-Ata, ndani ya Umoja wa Kisovieti wa zamani, zikakubaliana kwamba huduma za afya ya msingi zifikie kila mtu. Zaïre ilikuwa kati ya nchi za Afrika zilizoshika hiyo njia mapema. Miaka ya 80 iligawanya nchi kwa zone za afya 306, na ile mpango ndiyo mama wa zone tunazo leo.

Lakini wakati ule ule feza ya Serikali ilianza kukauka. Mwaka 1987, mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, Mali, wakakubali kwamba jamii ichangie gharama ya dawa na ya kituo, na jamii hiyo iwe na sauti ku uongozi wake. Wazo lilikuwa kwamba mchango wa mgonjwa usaidie juu ya feza ya Serikali. Kwetu, miaka ya 90 ilileta uporaji wa 1991 na 1993, kusimama kwa misaada ya inje, kisha vita ya 1996 na ya 1998. Feza ya Serikali ilipotea, ikabaki mchango wa mgonjwa peke yake. Kitu kilichowekwa kama msaada kikageuka nguzo ya nyumba.

Wakati huo makanisa ndiyo yalibeba mzigo mkubwa. Mpaka leo sehemu kubwa ya vituo na hospitali za mashariki zinasimamiwa na Wakatoliki kupitia BDOM, ao na jumuiya za Waprotestanti, kwa mapatano na Serikali. Wafanyakazi wao nao wanaweza kuwa na matrikule ya Serikali. Shida zao za mshahara ni zile zile.

Ebola ilituonyesha nini

Tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, Serikali ilitangaza Ebola ku Kivu ya Kaskazini, kuanzia Mangina karibu na Beni. Ilifika Butembo, Katwa, Ituri, ikagusa Goma na Kivu ya Kusini, na ilitangazwa kuisha tarehe 25 mwezi wa 6, 2020. Watu 3.470 waligonjwa, 2.287 walikufa. Kati ya waliogonjwa kulikuwa zaidi ya wafanyakazi wa afya 160. Wengi walishikwa mapema, ku vituo vidogo, ambapo mgonjwa alifika kama mtu wa malaria na muuguzi hakuwa na glovu za kutosha.

Wakati ule pia wafanyakazi wa afya walilengwa kwa silaha na moto. Mwezi wa pili 2019, vituo vya Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, kimoja kisha kingine, ndani ya siku chache. Tarehe 19 mwezi wa ine 2019, daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi ku kliniki ya chuo kikuu Butembo, akiwa kwenye mkutano wa kazi. Siku chache baadaye waganga na wauguzi wa Butembo walitoka barabarani kuomba ulinzi, na walisema watasimamisha kazi kama haukuja. Mwezi wa 11 mwaka ule ule, mwandishi wa redio ya jamii huko Lwemba, Ituri, aliyekuwa anahamasisha watu juu ya Ebola, aliuawa nyumbani kwake. Mwisho wa mwezi huo watu 4 waliuawa kwa mashambulizi juu ya mapambano ya Ebola Biakato na Mangina.

Chuki ile ilikuwa na mizizi mingi, na mmoja wao ni feza. Watu waliona magari mingi, waliona wageni wenye posho kubwa, wakaanza kusema "biashara ya Ebola". Ndani ya hospitali yenyewe kulikuwa kidonda: aliyeajiriwa na mapambano alilipwa kwa dolari, na mwenzake aliyebaki kutibu malaria na kuzalisha wamama alibaki na ile primi ya fasi. Mapambano yalipoisha, mikataba iliisha, na wengi walirudi ku franka 50.000 zao, ao walibaki kudai malipo ya miezi ya mwisho.

Kitu hicho kilirudi na Covid-19 mwaka 2020, na primi ambazo wafanyakazi walidai kwa migomo. Kilirudi na mpox, iliyotikisa Kamituga, Kivu ya Kusini, kuanzia 2023, mpaka Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya hatari ya kimataifa tarehe 14 mwezi wa 8, 2024. Kila ugonjwa mkubwa unaleta sifa na primi ya muda. Ukiisha, muuguzi anabaki na liste yake ya zamani, na ugonjwa unaofuata unamukuta hapo.

Wanawake, ndani ya hospitali na ndani ya nyumba

Duniani kote, karibu watu 7 kwa 10 wanaofanya kazi ya afya na ya kuchunga watu ni wanawake, lakini ku viti vya uamuzi wanakuwa wachache. Na hiyo ni kazi inayolipwa. Shirika la Kazi la Kimataifa lilihesabu mwaka 2018 kazi ya kuchunga isiyolipwa, yaani kupika, kuosha mtoto, kulinda mgonjwa na mzee, likaona kwamba wanawake wanafanya robo tatu ya masaa yake yote. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 29 mwezi wa 10 kuwa siku ya kimataifa ya hiyo kazi.

Kwetu inaonekana kwa urahisi. Hospitali ikikosa wauguzi wa usiku, mwanamke wa familia ndiye anajaza hiyo fasi. Anaacha shamba, anaacha meza yake ya soko. Hakuna anayehesabu siku alizopoteza.

Kwa RECO, kuna nchi ambazo zimekata shauri kuwalipa. Liberia, kisha kuteswa na Ebola ya 2014 mpaka 2016, ilianzisha mwaka 2016 mpango wa kitaifa wa wahudumu wa jamii wanaolipwa kila mwezi, kwa vijiji vilivyo mbali na vituo. Ethiopia ilianza mwaka 2003 kuajiri wanawake wa vijijini kama wahudumu wa afya wenye mshahara wa Serikali. Nchi hizo si tajiri kuliko Kongo kwa udongo. Ziliweka jambo hilo ndani ya mipango yao, na mara mingi zilitafuta wafadhili wafuate mpango wa nchi badala ya kila mmoja kuja na wake.

Nani anaamua nini

Hapa ndipo watu wanachanganyikiwa, na wakubwa wanafaidika na hiyo. Ukiuliza zone, wanakutuma ku jimbo. Ukiuliza jimbo, wanakuambia ni Kinshasa. Tupange.

Matrikule inatoka wizara ya utumishi wa Serikali, Kinshasa. Mganga mkuu wa zone hawezi kuitoa. Anachoweza ni kutuma liste ya kweli ya wanaofanya kazi, bila majina ya bure.

Mshahara na primi ya hatari vinategemea bajeti ya taifa. Kufuatana na Katiba, Serikali inapaswa kuweka mradi wa bajeti mbele ya Bunge mpaka tarehe 15 mwezi wa 9, na wabunge wanaufanyia kazi mpaka mwezi wa 12. Kwa hiyo miezi hiyo mitatu ndiyo wakati wa kumutafuta mbunge, si wakati wa kampeni peke yake. Mwaka 2001, Abuja, wakuu wa Afrika waliahidi kuweka asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Bajeti za Kongo zimebaki chini ya hapo, na hata iliyoandikwa haitoki yote.

Jimbo nalo halina mikono mitupu. Kifungu 204 cha Katiba kinaweka huduma za afya ya msingi kati ya kazi za jimbo. Kifungu 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo. Kinshasa haijaheshimu hiyo ipasavyo, na ni kweli. Lakini jimbo lina bajeti yake, na wabunge wa jimbo wanaweza kumuuliza gavana na waziri wake wa afya ni ngapi imeenda ku vituo.

Kuna sendika na kuna Ordre. Sendika inatetea mshahara na hali ya kazi. Ordre ya wauguzi, iliyoundwa kwa sheria mwaka 2016, inalinda taaluma: nani ana haki ya kujiita muuguzi, na nani amevunja maadili. Kama muuguzi amekudhulumu, unaweza kupeleka malalamiko ku Ordre. Kama amekosa mshahara, hiyo ni kazi ya sendika.

Mgomo ni haki, kifungu 39 cha Katiba kinasema hivyo, lakini sheria inaweza kuuwekea mipaka kwa huduma ambazo maisha ya watu yanategemea. Ndiyo maana wakati wa mgomo unapaswa kukuta angalau huduma ya haraka: mama anayezaa, mtu wa ajali, mtoto anayekosa damu.

Na ulinzi: Mikataba ya Jeneva inakataza kila upande wa vita kushambulia munganga, mgonjwa, ambilansi ao hospitali. Mwezi wa tano 2016 Baraza la Usalama lilirudilia hiyo kwa azimio 2286. Linawahusu wenye silaha wote, wa Serikali na wasio wa Serikali.

Hali ya sasa imeongeza uzito

Mwaka 2025 ulileta mizigo miwili kwa wakati mmoja. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwisho wa mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi uliofuata, na mabanki yakafunga huko. Mtumishi wa Serikali mwenye mshahara ku banki akabaki na namba bila feza, ao akalazimika kutafuta njia za mbali na za gharama kuupata. Mwaka ule ule Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake, na shirika lake la USAID likafungwa. Lilikuwa linasaidia zone mingi kwa dawa, chanjo na kazi za jamii. Fasi ya kwanza na fasi ya ine za feza zikakauka pamoja. Inabaki ipi, tayari mmeona: ya tatu, mufuko ya mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe ni mkimbizi.

Upande mwingine, kuna jaribio moja la kuangalia kwa makini. Mwezi wa 9, 2023, Serikali ilianzisha kuzaa bila kulipa, kwanza Kinshasa, kisha kidogo kidogo kwa majimbo mingine. Mama halipi, Serikali inalipia kituo. Ni mpango mzuri, kwa sharti moja: malipo yafike kwa wakati. Yakichelewa, kituo kinakosa ile primi ya fasi, muuguzi anakasirika, na mama anaanza kuombwa feza chini ya meza kwa kitu kilichotangazwa ku redio kuwa cha bure. Kwa hiyo ukisikia "bure", uliza pia: nani analipa kituo, na mara ya mwisho alilipa lini?

Mkaaji anaweza kufanya nini

Si lazima uwe mkubwa ili uulize. Hizi ni njia ambazo ziko wazi.

Uliza kama eneo lako la afya lina CODESA, ile komite ya wakaaji inayofuatilia kituo. Inapaswa kujua kituo kimeingiza ngapi na kimetoa ngapi. Kama wanakomite ni rafiki za IT tu na hawakutani, omba wachaguliwe wengine mbele ya watu.

Omba bei zibandikwe ukutani, na kila ukilipa omba risiti. Hiyo inamulinda mgonjwa, na inamulinda muuguzi mwaminifu ambaye anasingiziwa.

Uliza swali la namba: ku kituo chetu kuna wafanyakazi wangapi, wangapi wana matrikule, wangapi wanapokea mshahara, wangapi primi ya hatari? Namba hizo nne mbunge hawezi kuzikimbia kama anavyokimbia neno "tusaidie".

Andikeni pamoja. Kifungu 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia viongozi peke yake ao pamoja na wengine, na kiongozi anapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Barua yenye hizo namba nne, sahihi za wakaaji, na kopi kwa mbunge wa taifa na wa jimbo, ina uzito. Mbunge akiipata mwezi wa 8, ana wakati wa kuuliza waziri wakati wa bajeti.

Na usimupige munganga. Mgonjwa anapokufa, hasira inatafuta mtu wa karibu, na wa karibu ni muuguzi aliyebaki peke yake usiku bila damu na bila oksijeni. Kama kuna kosa, kuna daktari mkuu wa zone, kuna Ordre, kuna mahakama. Muuguzi aliyepigwa anahama, na kijiji kinabaki na mlango umefungwa.

Mwaka 2018, dunia ilimupa daktari Denis Mukwege wa Panzi, Bukavu, tuzo ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki, na mashariki nzima ilifurahi. Alistahili. Lakini tuzo haiingizi jina la mkunga wa Bunyakiri ku liste ya malipo. Hiyo inafanywa na wizara, na bajeti, na mbunge aliyeulizwa na watu wake. Kama eneo lenu limeshahesabu zile namba nne, zileteni ku studio. Tutazisoma hewani, na tutamuomba anayehusika ajibu.